Kalipa Tuliyoifunga Uani Kabla ya Harusi ya Kabula

Siku ile uani kwetu Katoro tulikuwa watu sita, na nawataja wote ili msomaji ajue mashahidi ni akina nani. Nilikuwepo mimi, Milembe binti Maganga, Mama Kabula. Alikuwepo mume wangu Masanja, mwenye pikapu. Alikuwepo mama yake, Nyamizi, ambaye wote tulimwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Alikuwepo shemeji yangu Lutonja, mdogo wake Masanja, mpakiaji mizigo stesheni ya Isaka. Alikuwepo jirani yetu Shabani, fundi wa baiskeli aliyegeukia magari. Wa sita ni binti yangu Kabula, yuko ndani, amekatazwa kutoka, maana kesho yake alikuwa anaolewa Ushirombo.

Lakini kalipa siwezi kuieleza kabla sijawaeleza nilikoijulia. Shule nilifika darasa la tatu tu. Mengine nilifundishwa na mguu wangu wa kulia.

Kazi nilianzia Shinyanga, karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, miaka ya sitini. Siku ya kwanza nilipewa ufagio na debe la mchanga. Mkuu wa Karakana, Bwana Jilala, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliniambia, "Mama, oili ikimwagika, wewe mwaga mchanga. Ukiambiwa shika, shika. Ukiambiwa achia, achia. Maswali utauliza saa ya chai."

Wiki ya pili msaidizi wake aliugua, nikapandishwa kwenye lori kukanyaga breki. Vijana mnaofanya kazi gereji mnaijua kazi hii, lakini wengine niwaeleze. Breki inasukumwa na mafuta yanayopita kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Upepo ukiingia humo, pedeli inazama kama mguu kwenye tope na gari halisimami. Kwa hiyo mmoja anakaa juu anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye gurudumu na spana. Wa chini anaita, "Kanyaga! Shikilia!" Anafungua skrubu ndogo ya kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu yake, anaifunga, ndipo anasema, "Achia!" Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Wanaume walikuwa wanaachia mapema. Mimi sikuachia. Bwana Jilala akasema nisishuke tena kwenye kiti kile, na ufagio akapewa mtu mwingine.

Malori yale yalikuwa na breki za ngoma, ambazo hazina kalipa. Kalipa niliiona kwanza kwenye gari dogo la Meneja. Ni chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu, na ndani kina pistoni inayosukuma pedi mbili ziibane diski hiyo. Bwana Jilala aliifungua akaining'iniza kwa waya, akaenda kunawa. Mimi kwa mazoea nikakanyaga. Pistoni ikachomoka, ikapiga ukuta, mafuta yakaruka mpaka kwenye shati lake jeupe la Jumamosi.

"Milembe!" alipiga kelele. "Nani amekwambia kanyaga?"

"Hakuna, mkubwa."

"Kalipa ikiwa nje haina diski ya kubana! Weka kibao katikati ya pedi ndipo ukanyage, la sivyo utaua mtu!" Halafu akacheka, kwa sababu mkewe ndiye angelifua lile shati, naye alikuwa anamwogopa.

Baadaye Masanja alipata udereva Geita, nami nikaajiriwa karakana ya barabara. Msimamizi wa Stoo, Bwana Makoye, hakutaka mwanamke juu ya gari. Alinipa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. "Milembe," alikuwa ananiambia, "unaosha kipuri au unaogesha mtoto?" Ninamshukuru sana. Kwa kuviogesha hivyo ndipo nilipojua kwamba vipuri vingine vina kulia na kushoto, kama viatu.

Sasa turudi uani. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, kipuri kilikuwa kinatafutwa kama dawa. Kalipa ya kushoto ya pikapu yetu ilikuwa imeshika kutu, pistoni hairudi. Lutonja akaja na nyingine kwenye kiroba, aliyoitoa kwenye gari bovu kule Isaka, pamoja na chupa moja ya mafuta ya breki. Ijumaa mchana Shabani akapiga jeki, akaweka magogo chini ya chasisi na mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akafungua bolti mbili, akahamisha mpira wa breki unaoleta mafuta, akafunga kalipa mpya. Kazi yake ilikuwa safi, simsemi vibaya.

Nikapanda kukanyaga. Kanyaga, shikilia, achia. Tukaenda hivyo mpaka jua likageuka, na pedeli bado inazama. Chupa ikabaki robo.

Nikashuka, nikainama kutazama. Skrubu ya upepo ilikuwa imeelekea chini, inatazama ardhi.

"Shabani," nikasema, "hii ni kalipa ya kulia. Umeifunga kushoto."

"Mama Kabula, kalipa ni kalipa. Bolti zimeingia, hazikuingia?"

"Zimeingia."

"Basi! Unataka na cheti chake cha ubatizo?"

Wanaume wakacheka. Masanja akafuta mikono. "Breki za nyuma zipo. Kesho nitaendesha taratibu."

"Na watu kumi na wawili nyuma na ngoma zao, Baba Kabula? Ule mteremko wa mtoni nao utakwenda taratibu?"

"Mafuta yakiisha hapa hatuna mengine. Acha hivyo hivyo."

Nikapanda tena kwenye kiti cha dereva, nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani. "Sishuki."

"Unanitia aibu mbele ya fundi."

"Aibu ya leo ni ndogo. Kesho mwanangu yumo humu."

Mayu alikuwa kivulini anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, akauliza, "Ninyi, mnagombea nini hasa?"

"Upepo, Mayu," nikamwambia. "Wewe pumzi ya kibuyu unaitoaje? Unakiinamisha mdomo chini?"

"Nikiinamisha yatatoka maziwa, pumzi ibaki matakoni. Mtoto mdogo anajua." Akamgeukia Shabani. "Wewe umeinamisha kibuyu?"

Shabani akatazama ile skrubu, akatazama kibuyu. Akachukua spana.

Nikawaambia tusiihamishe, maana ile ya kulia ya gari letu ilikuwa nzima. Tuifungue tu, mpira ubaki umeunganishwa, tuishike mkononi skrubu ikiwa juu, tutoe upepo, halafu tuirudishe mahali pake; kubana inabana upande wowote, ni upepo tu unaotaka skrubu iwe juu. Lutonja akachonga kibao cha unene wa diski, tukakitia katikati ya pedi. Kalipa niliishika mwenyewe. Sasa nani akanyage? Masanja alikuwa na tabia ya kuachia mapema, nilimjua.

"Mayu, panda."

"Mimi? Nimkanyage nani?"

"Hiyo ya katikati. Usiachie mpaka niseme."

Akapanda, mzee wa watu, peku, kanga imefungwa kiunoni. Shabani akafungua skrubu. Kwanza hakikutoka kitu ila pumzi, pfff, halafu mapovu, mapovu, halafu mafuta matupu. Mayu alikuwa amekaza mguu mpaka anatetemeka. "Niachie?" "Bado, Mayu!" "Niachie?" "Sasa!" Mara ya sita akapaza sauti, "Limegoma! Linanisukuma!" Chupa ilikuwa imebaki tone. Masanja akaingiza mguu wake, akakanyaga, akanitazama. Pedeli ilikuwa ngumu kama kichuguu.

Kesho yake, kwenye mteremko wa mtoni, kundi la ng'ombe lilikata barabara. Nilikuwa nyuma, nimembana Kabula. Masanja akakanyaga, na Mayu kando yangu akapiga yowe, "Shikilia!" Pikapu ikasimama, ng'ombe wakapita, mmoja akatulambia boneti. Masanja akatoa kichwa dirishani. "Mama Kabula," akasema, "ule ufunguo tukifika uchukue, baki nao." Nilibaki nao mpaka tulipouza gari.

Niliacha kazi magoti yalipokataa kupanda malori. Sina cheti, sina picha ya karakana hata moja. Nina wajukuu, watoto wa Kabula, wanaokuja likizo, na mguu wa kulia ambao mpaka leo, mtu akisema "kanyaga", unajikaza wenyewe.

Lutonja na Shabani bado wako hai. Kama watu uani hawakuwa sita, au ngoma hazikuwepo, au ilikuwa mara ya saba na siyo ya sita, njooni mniambie, nitarekebisha. Lakini kuhusu upande wa ile kalipa msihangaike kuja. Niliishika kwa mikono yangu.