Soda ilivyobebeshwa kosa la Mama Kantini

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Mama Kantini ananawa mikono mara ya tatu. Anasugua kucha kwa brashi ya kufulia, anajifuta kwa kitambaa safi, kisha anawasha jiko la pembeni na kubandika sufuria ndogo yenye mfuniko wa buluu.

Gunia la unga wa ngano liko nyuma yake, mdomo umefungwa kamba. Halifunguliwi mpaka sufuria ile iive na kufunikwa. Ina mwiko wake, umefungwa uzi mwekundu kwenye mpini, na hakuna anayeruhusiwa kuutumia kwingine, hata wifi yake anayepika naye.

"Mwiko huu una heshima kuliko mimi," anatania wifi, akimenya viazi. "Mimi naazimwa, wenyewe hauazimwi."

Mama Kantini anacheka kidogo, kisha anainamisha uso.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na moja amekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha kushona nguo. Kila siku ya kazi hupakua sahani mia mbili na kumi: wali, maharage au mchuzi wa nyama, na mboga za majani. Ujira huo umesomesha watoto watatu. Anajua nani hapendi kitunguu na nani huja kuomba ukoko.

Ila kuna jambo ambalo hakulisema kwa miezi minane. Analisema sasa kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni.

Lilianza alipohamia kiwandani mkaguzi mpya wa nguo, mwanamume mrefu na mpole, ambaye tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Washonaji hawakungoja siku ya pili. Wakamwita Bwana Sentimita.

"Mama Kantini, nina ombi," alimwambia kwenye dirisha la kupakulia. "Tumbo langu halipatani na ngano. Si mkate tu, hata kijiko cha unga kwenye mchuzi kinaniangusha."

Hospitalini alikuwa ameambiwa kwamba gluteni, kile kinachoufanya unga wa ngano unate, ndicho mwili wake unachokikataa. Juu ya hilo, sukari ya damu ilikuwa imeanza kupanda. Starehe iliyombakia ilikuwa moja: chupa ya soda isiyo na sukari, ya baridi, kila mchana.

Mpishi wa watu wengi ana ujanja wake. Nyama ikiwa chache na midomo mingi, mchuzi hutiwa unga wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi, ukawa mzito, ukashika wali. Mama Kantini akawa anamtengea Bwana Sentimita mchuzi wake kabla unga haujaingia. Alifanya hivyo majuma matatu.

"Halafu nikachoka," anasema. "Nikajiuliza, hili ni tumbo au ni sultani? Sisi tumekula ngano tangu tuote meno. Nikaona ni maringo tu."

Jumanne moja alichota mchuzi kutoka sufuria kubwa, akammwagia kwenye wali. Hakusahau. Alitaka kuona.

"Alikula akasafisha sahani. Akaniambia, 'Leo mchuzi umekolea, Mama Kantini.' Nikamnong'oneza wifi: unaona? Tumbo halina macho."

Saa tisa alasiri Bwana Sentimita alipitishwa mbele ya dirisha lile lile, ameshikwa kwapani na wenzake wawili, uso umesawajika. Siku nne hakuja kazini, na siku asiyokuja halipwi. Aliporudi, mkanda wa suruali ulikuwa umesogea matundu mawili.

Alikwenda moja kwa moja kantini.

"Adui nimemjua," alisema, akinyooshea friji kidole. "Ni hii soda. Kitu hakina sukari, utamu kimeutoa wapi? Lazima kuna mchezo. Au wewe unaonaje, Mama Kantini?"

Mkono wa Mama Kantini ulikuwa kwenye upawa. Watu kumi walikuwa kwenye foleni.

"Huenda," akajibu.

Neno hilo ndilo linalomwinamisha mpaka leo. "Kumlisha ule mchuzi lilikuwa kosa la ujinga," anasema. "Lakini ile 'huenda' niliisema nikiwa najua."

Soda ikahukumiwa bila kusikilizwa. Habari zikapita kutoka cherehani hadi cherehani kwamba ndiyo iliyomlaza Bwana Sentimita. Kreti lililokuwa likiisha kwa siku mbili likawa linakaa majuma mawili. Mchuuzi anayezileta akauliza amekosea wapi. Mama Kantini akajifanya anahesabu vikombe.

Hapo ndipo ilipozaliwa sufuria ya mfuniko wa buluu. Hakuagizwa na mtu. Bwana Sentimita akawa anapakuliwa kutoka humo, anateremshia maji ya uvuguvugu, na kushukuru.

"Alikuwa akiniambia, 'Wewe ndiye unayeniweka hai.' Kila akisema hivyo, nasikia kofi shavuni, na kiganja ni changu mwenyewe."

Wifi alijua yote. "Nilimwambia, wifi, mficha uchi hazai. Akaniambia ninyamaze, nimenye viazi."

Mwezi uliopita Bwana Sentimita alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na aproni ya kitambaa kizito cha kijani, aliyoishona mwenyewe baada ya zamu, kwa vipande vilivyobaki kwenye meza ya kukatia. Hakuwahi kumpima Mama Kantini. Alimkadiria kwa macho. Kifuani alikuwa amedarizi: Mlinzi wa Tumbo.

Foleni nzima ilipiga makofi. "Vaa tukuone!" walimpigia kelele.

Hakuivaa. Alipomaliza kupakua, aliikunja kwapani na kumfuata Bwana Sentimita kwenye meza yake ya ukaguzi.

"Nilimkuta anatafuta uzi uliochomoza kwenye shati. Nikamwambia, bwana, soda haina kosa. Ni mimi. Nilikupa mchuzi wa unga kwa makusudi, nione kama ni kweli."

Bwana Sentimita hakupaza sauti. Alilikunja shati, akaliweka upande wa yaliyofaulu, kisha akalichukua tena.

"Miezi minane, Mama Kantini," alisema. "Nilikuwa nikipita kwenye friji nageuza uso, kama mtu anayemkwepa mtalaka wake."

Mama Kantini akamrudishia aproni. Hakuipokea.

"Nguo haina kosa. Kaa nayo."

Kisha akatangulia kantini, akaomba soda yake, ya baridi. Aliinywa amesimama, taratibu, macho amefumba. Hakuumwa.

Kesho yake alikuja na chakula kutoka nyumbani. Mpaka leo hukaa meza ile ile, hununua soda, hufungua chombo chake. Humsalimia mpishi, naye huitikia. Basi.

"Simchukii," anasema Bwana Sentimita. "Tumbo ndilo linaloogopa, na tumbo silipangii."

Mama Kantini amekwisha kumwomba radhi mchuuzi wa soda. Dirishani ametundika ubao, kwa mwandiko wake mwenyewe, wa kuonyesha chakula gani kina ngano. Mshonaji mmoja aliusoma, akarudi watu walipopungua, akasema tumbo lake pia huvimba akila mkate. Sasa naye hupakuliwa kutoka sufuria ya buluu.

Lakini kila asubuhi Mama Kantini huipika ya watu wawili. Sehemu ya pili, ya Bwana Sentimita, hubaki, na wifi ndiye anayeila.

"Nanenepa kwa toba ya mwenzangu," wifi analalamika.

Aproni ya kijani inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, bado haijavaliwa hata mara moja. Mama Kantini anaitazama anapoulizwa matumaini yake.

"Nitaivaa siku atakayonisogezea sahani," anasema. "Na asiponisogezea..."

Anafungua bomba na kuanza tena kunawa mikono.