Pampu ya Masaki na Waya Usiotambulika

Pampu ya maji ilipozimika kule Masaki, lawama zote alibebeshwa mjomba wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi, na ufunguo wa kibanda alikuwa nao peke yake. Nasema Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya Dar. Pale pampu ikisimama, watu wanarudi bondeni kuchota kwenye dimbwi wanalonyweshea ng'ombe.

Mimi nilikuwa Kibaha, nakaa Tangini, nafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja mjini. Mama akanipigia.

"Mwanangu, wanasema mjomba wako ameuza vyuma vya ndani ya pampu."

"Nani wanasema?"

"Watu. Kamati imemnyang'anya ufunguo. Ijumaa hata msikitini hakwenda, anaona aibu." Kisha akaongeza, kama anayekumbuka jambo dogo, kwamba na yeye ameteleza na ndoo kule bondeni na nyonga inamuuma, hawezi kuchuchumaa.

Niliomba ruhusa kazini, nikapakia kompyuta yangu ndogo kwenye begi, nikaenda.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, alinifungulia kibanda mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Tuambie kilichoharibika. Na kama kuna kilichoibiwa, utuambie vilevile, usimwangalie mjomba."

Pampu ile inaendeshwa na umeme wa jua, na kuna kisanduku kinachoiamuru iwake au izime. Kisanduku hakina kioo cha kusomea, kina taa moja tu, na siku hiyo ilikuwa nyekundu. Mkandarasi aliyekifunga alishaacha kupokea simu. Njia pekee ya kukiuliza kinaumwa nini ilikuwa tundu la seriali pembeni yake, lile la zamani la pini tisa. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, kwa hiyo nilikuwa nimenunua waya wa kugeuza, USB upande mmoja na seriali upande wa pili.

Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Unix. Nilichomeka waya nikasubiri. Mfumo ukaandika kwamba kuna kitu kimechomekwa, ukaishia hapo. Nilichokuwa nakitafuta ni faili linaloitwa cuaU0, mlango ambao programu huutumia kuzungumza na waya kama huo. Halikuwepo. Nikapakia draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuutambua waya, ile iliyotajwa kwenye pakiti. Kimya. Nikapakia nyingine, na nyingine tena. Kimya.

Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni na ndoo tupu. Mjomba alisimama mbali, chini ya mikorosho, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Kila kifaa cha USB kina namba ya kujitambulisha. Nilipoisoma ya waya wangu nikaelewa. Pakiti ilisema chipu moja, ndani ilikuwamo nyingine ya toleo jipya, na namba yake haikuwa kwenye orodha ya draiva yoyote niliyokuwa nayo. Ilibidi niiongeze kwenye msimbo wa draiva, yaani maandishi inayotungwa nayo, kisha niijenge upya draiva hiyo. Msimbo sikuwa nao, na mtandao wa pale unakuja na kuondoka.

"Itabidi nirudi Kibaha," nikamwambia mwenyekiti.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Si anamfichia mjomba wake huyo."

Sauti ile niliondoka nayo hadi Tangini.

Nilipakua msimbo, nikafungua faili la draiva, nikaongeza mstari mmoja wenye namba ya waya wangu. Nikajenga. Ikagoma: msimbo nilioupakua haukuwa wa toleo la mfumo wangu. Nikaanza upya. Safari hii ilijengeka, lakini nilipoipakia kompyuta nzima ikaganda. Mchana ule nililia pale mezani, chakula kikiwa kimepoa pembeni. Miaka yote nimesifiwa kwetu kwamba najua kompyuta, na sasa kiwaya kinachoenea kiganjani kilikuwa kinanishinda.

Mama akapiga tena. "Wamesema Jumamosi wanampeleka polisi."

"Mama, nyonga je?"

"Achana na nyonga. Fanya hicho unachofanya."

Nilirudi kwenye ule mstari nikausoma kama mtu anayejifunza kusoma. Nilikuwa nimeuweka kwenye kundi la chipu za zamani, na draiva ikawa inaupigia waya wangu amri usizozielewa. Nikauhamishia kwenye kundi la mwisho, la chipu mpya, nikajenga, nikapakia, nikachomeka. Mfumo ukaandika ucom0, yaani waya umetambulika. Nikaangalia, na cuaU0 ilikuwepo. Nilimpigia mjomba. Nikamwambia, "Njoo kibandani Jumamosi, usijifiche." Akasema tu, "Haya, mama." Huniita hivyo tangu utotoni, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Jumamosi kibanda kilijaa kuliko mara ya kwanza. Nilichomeka, nikafungua mlango ule, na zikamwagika takataka: alama za kuuliza, mabano, herufi zisizo na maana. Ilikuwa kasi tu. Kisanduku kilikuwa kinaongea polepole kuliko nilivyokuwa nakisikiliza. Nikapunguza kasi, na maneno yakanyooka mstari baada ya mstari.

Niliyasoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Kisanduku kilikuwa kizima. Pampu nayo haikuwa imepungukiwa na chochote. Maji ya kisima yalikuwa yanashuka kidogo kidogo tangu mvua zilipokata, na yalipokwisha kabisa kisanduku kikaizima pampu isije ikaungua.

"Hakuna aliyeiba," nikasema. "Kisima kimekauka."

"Labda hicho kidude kinasema uongo," mwenyekiti akasema. Na mimi niliomba iwe hivyo. Nikakiamuru kiiwashe pampu kwa nguvu. Ikanguruma, bomba likatema hewa, likanyamaza. Mwenyekiti akaagiza kamba. Wakafunga nati kubwa mwishoni, wakaiteremsha kwenye tundu la kupimia kina cha kisima mpaka ikagonga chini. Ilipopanda ilikuwa na tope tu, bila tone la maji.

Mwanamke aliyenisema siku ile akanisogelea, sasa kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo hata ukimaliza kutengeneza, maji hayatoki?"

"Hayatoki, dada."

Aliigeuza ndoo yake akaikalia.

Mwenyekiti alimwita mjomba mbele ya watu, akamwomba radhi, akamnyooshea ufunguo. Mjomba aliutazama mkono ule.

"Wa kufungulia nini sasa?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa ameng'ang'ania siku zote zile jina lake lisafishwe, na lilipokuwa safi hakujua alifanyie nini. Ufunguo hakuupokea.

Jioni ile niliondoka na mama. Hospitalini Kibaha walikuta nyonga ina ufa, na tangu siku hiyo anakaa kwangu. Watu wa maji walikuja Masaki wakapima, wakasema kisima kichimbwe zaidi, wakaondoka. Mpaka leo hakijachimbwa. Mama ananiuliza lini atarudi kwake. Namwambia mvua zikinyesha. Zilinyesha za vuli, chache, akaniuliza tena. Nikamwambia tusubiri za masika.