Matanga ya Saa Moja

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Kiryat Moshe hapa Rehovot, Israeli, bado umelala, lakini Bosena Tarekegn yuko kazini tangu saa tisa. Sahani nne pana za umeme zinafuka mvuke. Anachota uji mchachu wa tefi, nafaka ya Ethiopia, kwa kikombe cha bati, anaumimina kwa kuuzungusha kutoka ukingoni kwenda katikati, anafunika, anahamia sahani ya pili. Hatazami saa. Injera, mkate mwembamba wa Kihabeshi, ikiiva, anaijua kwa harufu.

"Dada Bosena, hizi za juu zina matundu machache," anamtania Gashaw, dereva anayezipeleka madukani. "Umezigombeza?"

"Zinanuna zikikuona wewe. Pakia uende."

Bosena ana miaka arobaini na saba. Huoka injera mia tatu kwa siku katika stoo aliyopanga chini ya ghorofa anamokaa, na maduka huziuza shekeli nne kila moja. Ijumaa huoka mara mbili, Jumamosi hagusi moto. Ghorofa ya tatu, juu ya kichwa chake, anaishi mama yake, Tangut. Wanakula meza moja, wanasali sinagogi moja. Lakini kwa mwaka mzima sasa, neno la Bosena halina thamani mbele ya mama yake, na yeye mwenyewe anakiri kwamba amejitakia.

Familia hii ilitoka Gondar, Ethiopia, miaka kumi na minane iliyopita. Kabla ya hapo walingoja miaka saba katika chumba cha kupanga, karibu na uwanja wa sala, wakisubiri majina yao yasomwe kwenye orodha ya Wayahudi walioruhusiwa kuhamia Israeli. Yaliposomwa, la Fentahun, kaka yake Bosena, halikuwemo. Alikuwa ameoa wakati wa kungoja, na ofisini wakasema aliyeoa ana faili lake.

Tangut akakaa juu ya mzigo akagoma. "Siendi Yerusalemu na mkono mmoja," alisema.

Bosena ndiye aliyembembeleza. "Nilimwambia, Mama, ni miezi sita tu, anatufuata. Nilisema kwa uhakika kabisa, utadhani ofisi ni yangu." Anafuta mikono kwenye aproni. "Fentahun mwenyewe alitubebea mizigo hadi kwenye basi. Akacheka, akasema nendeni mkanipashie moto nyumba."

Miezi sita ikawa miaka kumi na sita. Tangut alimwekea mwanawe kitanda katika chumba kidogo na akakataa mtu yeyote asikilalie. Hata mjukuu wake, mtoto mkubwa wa Bosena, akija likizo kutoka jeshini, alilala kwenye kochi huku miguu ikining'inia.

Kisha, wiki moja kabla ya Pasaka, simu ikalia humu humu stoo. Alikuwa Alemnesh, mke wa Fentahun. Figo zilikuwa zimemshinda Fentahun, naye akafa. Alizikwa jana yake.

Kwa watu wa Gondar, msiba hautangazwi kwa simu. Wazee hukusanyika, huvaa mashuka meupe, huenda kwa mfiwa kabla jua halijachomoza, wakamzunguka kwanza ndipo wakasema. Mpaka siku hiyo, anayejua hunyamaza. Bosena akaenda kwa kuhani wao, na kuhani akaona sikukuu iko mlangoni. Akasema tungoje Pasaka ipite.

Pasaka ikapita, Tangut akapasuliwa jicho, na daktari akaagiza asilie kwa wiki sita. Wiki sita zikaisha, presha ikampanda. "Mpaka hapo nilikuwa na sababu," anasema Bosena. "Baada ya hapo sina wa kumsingizia. Niliogopa tu. Kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi."

Siku saba alizopaswa kukaa matanga ya kaka yake, alizimaliza akioka. Mfiwa huchana nguo yake. Yeye alichana gauni la ndani ili lisionekane. Mama yake aliliona kwenye kamba ya kuanikia, akalishona.

Kila Ijumaa swali lilikuwa lile lile.

"Fentahun anasemaje?"

"Anakusalimu, Mama."

"Mbona hapigi?"

"Simu yake imeharibika."

"Miezi yote hii? Huyo mtoto naye! Basi tumpelekee nyingine." Na kweli alinunua simu mpya, akampa msafiri. Ilifika. Anaitumia Adise, binti wa marehemu.

Miezi kumi na moja baada ya mazishi, wazee walipanda ngazi. Tangut alifungua mlango, akayaona mashuka meupe, akashika mwimo.

"Nani?"

Wakamwambia. Alipiga yowe lililoamsha jengo zima. Alipopata pumzi, akauliza la pili.

"Lini?"

Kuhani akamgeukia Bosena. Ikabidi Bosena ajibu.

"Kabla ya Pasaka, Mama."

"Pasaka ipi?"

"Iliyopita."

Rabi wa mtaa aliitwa, mzee mpole, akaja na kigoda chake mwenyewe. Akaeleza polepole kwamba sheria ni siku saba, lakini habari ya mtoto ikimfikia mzazi baada ya siku thelathini, matanga yake ni saa moja.

"Saa moja?" Tangut alimwuliza. "Kumzaa tu kulinichukua siku mbili."

Rabi machozi yakamtoka. Jirani mmoja akamnong'oneza mama kwamba akae tu siku zake saba, nani atamkataza? Tangut akatikisa kichwa. "Nilimwacha mwanangu ili nije kuishika sheria katika nchi hii. Nitaishika."

Akaketi chini. Saa ilipotimia, rabi akamshika mkono kumwinua. Akaenda kutandua kile kitanda, akakunja mashuka, kisha akasimama mbele ya binti yake.

"Siku zangu sita na saa ishirini na tatu umezila wewe."

Hajazungumzia jambo hilo tena. Ila Bosena akimwambia shangazi fulani hajambo, jibu huwa moja: "Mpigie nimwone uso." Uso ukionekana kwenye simu, husema, "Mwambie ageuke, atembee kidogo." Watoto hucheka. Bosena hushindwa.

"Angenipiga ningepona," anasema. "Mimi ndiye niliyemwambia miezi sita. Mimi ndiye niliyemwambia anakusalimu. Aniamini kwa lipi?"

Mwezi uliopita barua ilitoka: Adise, mwenye miaka kumi na tisa, amepata kibali cha kuhamia huku na atasafiri kabla ya mvua za kwanza. Bosena alipanda ngazi mbio na unga mikononi. Mama yake akamwinulia kiganja. "Usiniambie. Nikimshika nitajua."

Kwa hiyo amepanga hivi. Siku ya ndege, Gashaw atawapeleka uwanjani na gari la injera. Atamweka mama yake mbele kabisa, kifua kwenye kizuizi, mahali abiria wanapotokea.

"Mimi nitasimama nyuma yake," anasema, akifunika sahani ya mwisho. "Nikimwona mtoto, sitasema neno. Safari hii habari imfikie yeye kwanza."