Nusu Saa ya Dada

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, hakuna aliyelijua doa kama Mama Dada. Ukimletea shuka lenye damu, kabla hujamaliza kulishusha alikuwa ameshalitumbukiza kwenye maji baridi, kwani damu ikionja maji ya moto, alisema, imehamia na mizigo yake. Miaka kumi na tisa alikunja mashuka, yeye upande huu na mwenzake upande ule, wanakutana katikati kama watu wanaosalimiana, wanaachana, wanakutana tena. Viganja vyake vilichujuka kwa dawa ya kung'arisha. Alitoka nyumbani jua halijapanda, akarudi saa kumi na moja jioni, miguu imemvimba.

Jina la Mama Dada alilipata kwa mtoto wake wa kwanza. Msichana huyo alikuwa na miaka minne alipozaliwa mdogo wake, naye mdogo alipoanza kusema akamwita Dada. Nyumba nzima ikafuata, hata mama mwenyewe: Dada lete maji, Dada mtazame mwenzio. Mdogo naye akapata lake. Kila ulilomwambia alikurudishia swali, kwa nini jua linazama, kwa nini bibi hana meno, basi akaitwa Kwanini. Mama akisimama mlangoni na kumwita, jirani mmoja mcheshi alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Kwa sababu!" Baba yao alikuwa fundi wa barabara, leo kambi hii, kesho ile. Alionekana mara mbili kwa mwaka, analala siku tatu, anaondoka.

Kwanini alipokuwa darasa la pili, mama aliitwa shuleni. Mtoto mwenye mdomo mwepesi kiasi kile, ajabu yake, herufi zilimkimbia. Wenzake walikuwa wanasoma sentensi nzima, yeye bado anang'ang'ana na silabi. Mwalimu wa darasa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakumlaumu mtu. Alimwonyesha mama daftari, akamweleza taratibu mambo ya kufanya nyumbani: mtoto asome kwa sauti, aulizwe ameelewa nini, asifanyiwe kazi yake, asichekwe akikosea.

"Mtoto hahitaji mwalimu wa pili nyumbani," alisema. "Anahitaji mtu wake wa kumsikiliza. Nusu saa tu kila siku. Hata kama mama mwenyewe husomi vizuri, kaa naye, akusomee."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Mama Dada kama vile mwalimu amemfunua shuka akiwa amelala. Yeye aliacha shule darasa la nne. Kusoma alijua, lakini kwa kufuata mstari na kidole, midomo ikichezacheza. Vibandiko vya wodi alivitambua kwa sura tu, kama mtu anavyowatambua majirani. Siri hiyo hakuna aliyeijua. Sasa akae na mtoto asiyeacha jambo lipite? Swali la kwanza litakuwa, "Mama, kwa nini unasoma hivyo?"

Alipofika nyumbani alimwita Dada, akamkabidhi maagizo yote ya mwalimu, moja baada ya jingine, kama anavyokabidhi mzigo wa mashuka wa zamu ya mchana. Dada alikuwa darasa la sita wakati huo, mtoto mwembamba, mpenda hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Dada aliona amempa mwanawe kitu kidogo sana, nusu saa tu.

Dada aliichukua kazi hiyo kwa moyo wake wote. Alikusanya vizibo vya soda vya kuhesabia. Aliandika vikaratasi na kuvibandika kila mahali, MLANGO mlangoni, SUKARI kwenye kopo, KITANDA kwenye ubao wa kitanda, mpaka baba alipokuja likizo akauliza kama nyumba inauzwa. Wakitumwa dukani, Kwanini alisoma mabango ya njia nzima, na Dada hakuwa na haraka ya kumsahihisha. Alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ndipo aseme, na mara nyingi mtoto alishajisahihisha kabla ya saba. Kabla ya kufungua kitabu alimwonyesha picha ya jalada na kumwuliza, unadhani humu kutatokea nini? Na Kwanini, aliyezaliwa kuuliza, kwa mara ya kwanza alifurahia kuulizwa.

Mama alikuwa jikoni akikata vitunguu, akiwasikia wakicheka chumba cha ndani, na moyo wake ukawa mweupe. Siku nyingine alisogea mpaka kwenye pazia, taulo mkononi, akataka kuingia akae nao. Kisha akakumbuka sufuria.

Nusu saa nayo haikubaki nusu saa. Ilizaa saa nzima, na nyuma yake kulikuwa na maji ya kuteka, sare za kufua na vyombo. Daftari la Dada mwenyewe lilifunguliwa mwisho, macho yakiwa yameshaanza kufumba. Mwalimu wake wa hesabu alituma ujumbe kwamba siku hizi binti anasinzia darasani. Mama alimwambia Dada awe analala mapema. Hakujiuliza alale mapema vipi, na kazi amwachie nani.

Mwaka wa Dada wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulipoanza, aliomba jambo moja, na hakuliomba tena. Walikuwa wawili, wanaanua nguo.

"Mama, mwaka huu naomba Kwanini awe anakusomea wewe. Jioni tu. Mimi nina mazoezi mengi."

Mama alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ukimwachia sasa hivi atarudi nyuma. Wewe akili unayo, Dada. Wewe utafika tu."

Hilo lilikuwa sifa, na lilikuwa kweli, na ndilo lililomfunga. Mtoto anayeambiwa atafika tu hana tena mlango wa kuombea msaada. Dada alichukua kapu la nguo akaingia ndani.

Katikati ya mwaka huo Kwanini akawa wa kwanza katika darasa la tatu. Shule nzima ilishangaa. Mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi kuhusu namna ya kuwasaidia watoto nyumbani, akatuma barua kwamba mama wa mtoto huyo aje awaeleze wenzake siri yake. Walimu walikuwa wameshaanza kumwita Mama Kwanini, naye aliitikia. Halafu jirani mcheshi akalidaka jina, na madobi wenzake pia. Dada aliyasikia hayo yote.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Wanafunzi wakubwa walikuwa wakibeba viti kutoka vyumba vingine. Mama alipoinuka alikuwa na neno moja tayari mdomoni: ni dada yake. Alikuwa amelishika njia nzima. Lakini alipowaona wazazi wale wote wamemkodolea macho, mwenye duka la dawa, karani, mke wa mchungaji, watu ambao kila siku anafua mashuka ya wagonjwa wao bila wao kumjua, ulimi hauna mfupa.

"Mimi," alisema, "kila jioni nakaa naye."

Baada ya hapo hapakuwa na pa kurudia. Alieleza vizibo. Alieleza vikaratasi, kopo la sukari, mabango ya njiani, na ile ya kuhesabu mpaka kumi. Alieleza vizuri, kwa sababu aliyasikia yote kutoka nyuma ya pazia. Mke wa mchungaji aliandika. Walipopiga makofi, mama aligeuza uso na kumwona Dada mlangoni, amekumbatia kiti. Hakuwa amekasirika. Alitafuta mahali pa wazi, akakiweka chini, akatoka kwenda kuleta kingine.

Wakati wa kurudi, Dada alimbebea mama mkoba, kama kawaida yake. Wamefika nusu ya njia, akasema:

"Ulisahau ile ya kumwonyesha jalada kwanza, aseme anadhani kutatokea nini. Hiyo ndiyo inamfanya atake kufungua."

Mama alijibu kwamba atawaeleza mkutano ujao. Miaka mingi baadaye, akiwa kwenye mvuke wa chumba cha kufulia, alirudi mara kwa mara kwenye kipande kile cha njia na kusema pale alichopaswa kusema. Njia ilikuwa ndefu, hawakuwa na haraka, na hapakuwa na mtu mwingine.

Dada alikosa nafasi ya sekondari kwa alama chache, nyingi kati ya hizo za hesabu. Mwalimu mkuu alisema anaweza kurudia mwaka, mama akafurahi, akaanza kumtafutia sare. Dada alikataa. Alisema amechoka. Kwa umri wake neno hilo lilisikika kama deko, na mama alimgombeza, kisha akambembeleza, lakini mtoto alikuwa ameshaufunga moyo. Mwezi uliofuata alikwenda kuishi kwa mama yake mdogo katika mji mwingine, akamsaidie dukani.

Wiki ile ile, jioni, Kwanini alikaa kwenye mkeka na kitabu chake, ameegemea ukuta, anasubiri. Mama alimwona kutoka jikoni. Safari hii hapakuwa na wa kumwita. Alifuta mikono, akaketi kando yake. Mtoto alisoma ukurasa mmoja kisha akasema zamu ya mama, kwani na Dada walikuwa wakipokezana. Mama Dada aliweka kidole chini ya mstari. Midomo ikaanza kucheza. Katikati ya neno refu alikwama, akasikia shingo inapata moto, akasubiri lile swali.

Kwanini hakuuliza. Alinyamaza tu, anamngoja, na mama alielewa kwamba anahesabu mpaka kumi. Alipofika mwisho wa neno, mtoto alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuchukua zamu yake.

Kilichomwogopesha miaka yote kilikuwa hicho tu. Mama alikaa pale akisikiliza habari za sungura na kisima, na ndani yake kitu kilidondoka na hakikuokotwa tena.

Kwanini alisoma, akavuka hatua moja baada ya nyingine, akawa mpima ardhi. Dada alikuja nyumbani kwa misiba na harusi, akapika, akaosha vyombo, akaondoka. Jina la Mama Kwanini lilikuwa limeshika, na kila mtu alipolitamka, mama alitamani kumsahihisha na akaona haya.

Kwanini mwenyewe ndiye aliyemsukuma. Siku moja walikuwa wanakula, yeye ni mtu mzima sasa, akaweka kijiko chini.

"Mama, umewahi kuzungumza na Dada?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua."

Alikwenda. Dada alikuwa na duka lake dogo la nyuzi, vifungo na zipu, mume mpole, na mtoto wa darasa la kwanza. Mama alifika alasiri, akakuta mlango wa duka umerudishwa nusu na wateja wawili wamesimama nje. Mmoja alimwambia asisumbuke kubisha. Saa hizi mwenye duka yuko na mwanawe, mpaka wamalize kusoma, na hata ukiwa na bibi harusi anayesubiri zipu, utangoja. Mama alingoja na wale wawili. Alisikia sauti ya Dada ndani, ile ile, ikiuliza, haya, unadhani kutatokea nini?

Walipokwisha kula, mtoto ameenda kucheza, mama alisema alichokuja nacho. Alikuwa amejiandaa vizuri lakini yalitoka ovyo, mkutano kwanza, halafu gauni kwenye kamba, halafu darasa lake la nne, siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Dada alipanga vifungo kwenye makopo kwa rangi, akisikiliza. Hakumkatiza.

"Darasa la nne nilijua," alisema mwishoni. "Nilikuwa nakuona unavyosoma karatasi za shule. Nilijua ndiyo maana umenipa mimi."

"Hukukasirika?"

"Ya mkutano yaliniuma siku chache. Sikutaka kupigiwa makofi, Mama." Alishika kifungo kimoja, akakitazama kama hajui ni cha kopo gani. "Nilitaka na mimi siku moja mtu aniulize, leo umesoma nini. Hata kama nusu ya nusu saa."

 Mama aliuliza kama hawezi kurudi shule hata sasa, kuna madarasa ya watu wazima, Kwanini anaweza kumwulizia. Dada alisema aliwahi kufikiria. Kisha mtoto akazaliwa, kisha duka. Huenda. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeulizwa njia ya mahali alipokwenda zamani. Usiku alimtandikia mama kitanda kizuri, akampa blanketi la pili, na ule wema ulikuwa mzito kuliko matusi.

Asubuhi alimsindikiza kituoni. Walizungumza habari za bei ya nyuzi na goti la baba. Gari lilikuwa bado linasubiri abiria. Mama alikaa dirishani, akataka kuuliza, umenisamehe? Neno lilifika kwenye meno. Akaona kwamba akimwuliza, Dada atajibu ndiyo, atamtuliza, atamfuta machozi, na hiyo itakuwa kazi nyingine aliyompa mtoto huyu. Akalimeza.

"Msalimie Kwanini," Dada alisema.

"Zimefika."

Dada hakungoja gari lijae. Mtoto wake alikuwa anatoka shule saa sita, na alipenda akirudi amkute mlangoni.