Nilibadilisha Windows ya laptop ya marehemu, nikaumbuka mbele ya mjane wake

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimepita kwenye ule uzi wa jamaa anayeuliza kama laptop yake ya zamani itabeba Windows mpya. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana nimekumbuka yangu.

Naiweka hapa bila kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni Mwanza, miaka ya tisini, Windows 95 ndiyo kwanza imeingia mjini. Soko huria limekolea, viwanda vya minofu ya sangara vinaota ufukweni kila kukicha, na kila mwenye biashara anataka kompyuta hata kama hajui ataifanyia nini.

Mimi nilikuwa nimetoka Dar kusoma kozi fupi ya kompyuta. Nikapanga kachumba pale Mkuyuni, nikaandika ukutani kwa rangi ya mafuta FUNDI KOMPYUTA.

Mafundi tulikuwa wa kuhesabu, wakuu. Nilitembea mjini kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Shati nimechomekea, diski nimezishika mkononi ili watu wazione.

Sasa siku moja akaja Harish. Hawa ni Wahindi wa Mwanza wa siku nyingi, wana duka la nyavu na kamba za uvuvi, na wavuvi kuanzia Igogo mpaka kwetu Ukerewe wanalijua. Baba yake alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma.

Shida ilikuwa hivi. Wakala wao wa Dar alikuwa ameanza kuwatumia mafaili kwenye diski, na laptop ya mzee, yenye Windows ya zamani, haiyafungui. Harish alitaka kununua mpya. Mama yake akagoma. Alitaka ile ile ya mumewe iendelee na kazi.

Nikaenda kuichukua nyumbani kwao. Mama Harish amezaliwa hapo hapo Mwanza, na Kisukuma anakijua kuliko mimi Mkerewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi laptop imefunikwa kitambaa cheupe.

"Mwanangu, fanya unavyojua," akaniambia. "Lakini kitu cha Baba Harish kisipotee. Hata kimoja."

Nikamjibu, "Ondoa shaka mama. Hakipotei kitu."

Hilo neno ndilo limenifanya niandike uzi huu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kitoto. Nyie vijana wa siku hizi mnachomeka flash, mnakwenda kunywa chai, mkirudi mashine iko tayari. Sisi Windows ilikuja kwenye rundo la diski. Unaingiza moja, unasubiri, unatoa, unaingiza nyingine, na ikikataa ya katikati unaanza upya huku unajilaani.

Halafu betri ya ile laptop ilikuwa imekufa, inategemea umeme wa ukutani, na mgao wa umeme mnaukumbuka wenyewe. Umeme ulikatika nikiwa karibu na mwisho. Nilikaa gizani mchana kweupe (kachumba kenyewe hakana dirisha) nikiomba Mungu wa Wakristo na mizimu ya kwetu kwa pamoja.

Ila mafaili ya mzee sikuwa na wasiwasi nayo. Kabla ya kugusa chochote nilikuwa nimeshafanya backup ya kila kitu. Barua alizowaandikia ndugu zake, hesabu za duka, mpaka mchezo wa karata aliokuwa akicheza. Nilinakili mara mbili, nikaweka diski kwenye kopo la maziwa ya unga ili vumbi lisiingie.

Mpaka hapo nilikuwa fundi kweli. Sijisifu, hilo nililifanya vizuri.

Mwisho Windows 95 ikakubali. Mafaili nikayarudisha, nikafungua moja moja, yote mazima.

Ikabaki kazi ya kusafisha. Kwangu huo ulikuwa mtindo, mashine ya mteja hairudi na uchafu. Mteja haoni ulichofanya ndani, anaona nje tu, na nje ikimeremeta analipa bila manung'uniko.

Juu ya mfuniko kulikuwa na doa jekundu limekauka, na punje za wali zimeganda juu yake. Nikatikisa kichwa. Nikasema moyoni, hawa watu wana hela lakini wanakula wali na mchuzi juu ya kompyuta.

Nikachukua spiriti na kitambaa, nikasugua. Punje zikang'ang'ania, nikazibandua kwa ncha ya wembe, taratibu nisikwaruze. Ikatakata kama imetoka dukani. Kitambaa nikakifua kwa sabuni, nikakianika.

Kama kuna Mhindu anasoma hapa, ameshajua. Mimi sikujua. Hata kujiuliza kwa nini punje zenyewe ni za mchele mbichi, sikujiuliza.

Nikaipeleka. Sebuleni alikuwepo Harish na mama yake. Nikaifungua juu ya meza, skrini imewatazama wao, nikawasha. Windows mpya ikaamka na ule mlio wake. Harish akapiga makofi.

Nikafungua barua mojawapo ya mzee. Mama akasogea karibu, akaisoma huku midomo inacheza, akafuta machozi kwa pembe ya sari. Akanishika bega, akasema, "Asante mwanangu. Vyote vipo."

Ningeaga pale pale, wakuu, leo ningekuwa nawasimulia ushindi.

Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Nikaizima laptop, nikaufunga mfuniko ili waone ulivyong'aa, nikamwambia Harish kwa sauti ya mtaalamu, "Halafu mwambie huyo anayekula wali juu ya mashine aache. Nimebandua punje mpaka kucha zinauma."

Nilicheka peke yangu.

Mama aliutazama mfuniko. Akapitisha kiganja juu yake, pole pole, kama anapapasa shavu la mtoto mwenye homa. Akamwambia Harish kitu kwa Kigujarati, na Harish akaangalia chini.

Ni Harish aliyenieleza. Kila sikukuu ya Diwali baba yake alikuwa akibariki vifaa vya kazi. Anachanganya unga mwekundu na maji, anachovya kidole, anatia alama kwenye mizani ya duka, kwenye kasha la fedha na kwenye laptop, kisha anabandika punje za mchele. Wenyewe wanaita chandlo. Diwali iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Alama za dukani zilikuwa zimeshafutika kwa kushikwashikwa. Iliyobaki ni ile ya kwenye laptop, na ndiyo maana mama alikuwa akiifunika kitambaa.

Ilikuwa alama ya kidole cha mume wake. Niliiita mchuzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakawa yanagongana, Kiswahili chenyewe kikanikimbia.

Mama hakunifokea. Aliuliza swali moja tu. "Kitambaa ulichofutia kiko wapi?"

Nikamwambia nimekifua.

Akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Basi. Hukujua." Akaenda jikoni. Nikadhani ameenda kulia, kumbe ameenda kunipakulia chakula. Akanitengea wali na dengu, akakaa upande wa pili wa meza kuhakikisha nashiba. Nilikula mpaka punje ya mwisho bila kuinua macho. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Diwali iliyofuata walinialika. Harish alikuja mwenyewe mpaka Mkuyuni, akaniambia mama amesema nisikose, kwa kuwa laptop ya Baba itatiwa alama tena. Nikaitikia kwa furaha ya uongo. Siku ilipofika sikwenda. Nilijifungia kachumbani, sikuwa na uso wa kusimama pale.

Kesho yake Harish akaja na boksi la vitamu vyao vya sikukuu. Akasema, "Mama anauliza kama unaumwa."

Nikajibu ndiyo, nina malaria. Jioni yake mama akatuma uji wa ulezi, bado wa moto, na salamu za pole.

Aibu ya kufuta alama ningeweza kuisamehe, sikujua. Ya ule uji mpaka leo nikiikumbuka natazama pembeni hata nikiwa peke yangu.

Nilichojifunza? Usiguse kitu cha mtu kabla hujamuuliza, hata ukiona ni uchafu. Uliza. Haigharimu kitu.

Bado nafanya kazi hii. Mashine ya mteja nairudisha na vumbi lake lote. Akilalamika kuwa ni chafu, nampa kitambaa afute mwenyewe.

Mafundi wenzangu, na nyie mliowahi kuumbuka kwa kujitia ujuaji, karibuni mseme yenu. Mkitaka kunicheka pia ruksa, nimeshazoea.