Kitabu cha Wanyama Nilichokifuta

Nilivunjika mguu nikienda kwenye kilio cha shangazi yangu huko Kabambare. Pikipiki iliteleza kwenye daraja la magogo kabla hatujafika Wamaza. Dereva aliangukia majani, mimi nikaangukia gogo, na pikipiki ikaniangukia mimi. Shangazi alizikwa bila mimi. Nilirudishwa Kasongo mguu ukiwa umefungwa kwa vipande vya mianzi, na hospitalini wakanitia plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya goti. Daktari alisema nisikanyage chini kwa miezi mitatu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na darasa langu kwa miaka mingi limekuwa mwaka wa tano. Mwalimu asiye na darasa ni mzigo nyumbani. Juma la kwanza nilipokea wageni waliokuja kunipa pole. Juma la pili wageni walipungua, nikaanza kumsahihisha mke wangu: anavyotwanga majani ya muhogo ya sombe, anavyofunga mlango, hata anavyosali. Asubuhi moja alijitwika kikapu chake cha shamba, akasimama mlangoni, akaniambia:

"Baba, mimi nakwenda shamba. Ujitafutie kitu ya kufanya, mbele ya kuchokana."

Nilikuwa na simu. Mdogo wangu aliye Kindu alinipa simu yake ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, na mimi niliitumia kupiga na kupokea tu. Mke wangu alikuwa akiiacha kwenye kibanda cha njia panda ya soko. Pale kuna mwanamke kijana anayechaji simu za watu kwa umeme wa jua, anauza mega za intaneti, na kumwekea mtu nyimbo anazotaka. Siku moja mwanamke huyo aliirudisha simu yeye mwenyewe.

"Pole na mguu, Mwalimu," alisema, akiwa amesimama nje ya kizingiti. "Mimi mulinifundisha mwaka wa tano."

"Ee, nakukumbuka," nilimjibu.

Sikumkumbuka hata kidogo. Wamepita watoto wengi mbele yangu, na nimezoea kusema hivyo kwa kila anayenisalimia njiani.

Aliingia, akachuchumaa kando ya kitanda, akanionyesha simu. "Mama wa hapa alisema munachoka kukaa. Kwa internet kuko biblioteke ya bure. Vitabu vya masomo, vya watoto, hadisi, vingine ni vya kusikiliza, mutu anakusomea. Haiko ya kulipa, haiko ya kuiba. Nimewashushia vinane. Hata kama rezo ya simu haiko, munasoma tu."

Nilimuuliza amejuaje mambo hayo. Alisema alipozaa mtoto wake wa kwanza alikaa ndani miezi mingi, mtoto mgonjwa, na simu ndiyo iliyokuwa mwenzake. Alitafuta kitabu kimoja, akakuta maktaba nzima mlango wazi. "Nilifikiri watanifukuza," alisema na kucheka kidogo. "Hakuna aliyeniuliza diplome."

Sijui nieleze vipi siku zile. Nilikuwa nimefundisha maisha yangu yote kwa vitabu vinne na daftari moja. Daftari lile nililirithi kwa mwalimu aliyenitangulia. Ndani yake mlikuwa na masomo yote ya mwaka wa tano, yameandikwa kwa kalamu ya bluu, na mimi niliyasoma kwa sauti huku watoto wakiandika. Sasa nilikuwa nimelala chali, na juu ya kifua changu kulikuwa na vitabu vingi kuliko vya shule zote nilizofanyia kazi. Nilisoma juu ya bahari ambazo sijaziona. Nilisikiliza mwanamke akisoma hadithi kwa Kiswahili kitamu hadi mke wangu, akichambua maharage, akaniomba nirudie mwanzo. Nilipomaliza vinane, nilituma simu kibandani na kijikaratasi: "Ongeza." Ikarudi na vingine.

Katika hivyo vya pili kulikuwa na kitabu cha wanyama, cha watoto, chenye picha nyingi. Nilikifungua kwa dharau, maana wanyama nawafundisha kila mwaka. Nilifika ukurasa wa popo. Palikuwa na picha ya popo jike amening'inia, na kitoto chake kimemng'ang'ania kifuani, kinanyonya. Chini yake iliandikwa kwa maneno ambayo mtoto wa miaka saba angeyaelewa: popo si ndege, popo ni mnyama anayezaa na kunyonyesha.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule wa kibandani.

Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na moja hivi, amekuja kutoka upande wa Lusangi kuishi kwa mjomba wake. Nilikuwa nikisoma kwenye daftari: popo ni ndege wa usiku. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, popo haiko ndege. Iko na maziwa. Baba yangu alileta moja, ilikuwa inanyonyesha mutoto."

Darasa lilicheka kwa sababu ya neno maziwa, maana kwetu ndiyo matiti. Ningeweza kucheka nao kisha tukaendelea. Lakini niliona wananicheka mimi. Nikamwambia apande juu ya meza. Akapanda. Nikamwambia, kwa kuwa anajua ndege kuliko mwalimu, apige mabawa. Hakufanya. Nikachukua fimbo. Akanyoosha mikono yake, akaipandisha na kuishusha, akaipandisha na kuishusha, na watoto wapatao hamsini wakapiga makofi kufuatisha. Nilimwacha pale hadi kengele.

Tangu siku hiyo watoto walipomwona njiani walimpigia mabawa. Nililiona hilo kwa macho yangu, mbele ya lango la shule, na sikusema kitu. Baada ya majuma machache hakuja tena. Katika orodha niliandika "ameacha", kama nilivyowaandikia wengine.

Ningependa kusema kwamba sikujua, kwamba daftari lilinidanganya. Lakini mimi ni mtoto wa huku. Popo nimewala tangu utotoni. Mama yangu aliwachuna mbele yangu, na nilikuwa nikiona chuchu zile mbili ndogo kifuani. Nilikuwa nimeziona kabla msichana yule hajazaliwa. Lakini ukiniuliza darasani, nilijua kilichoandikwa, na nilichokiona kwa macho nilikiacha jikoni kwa mama.

Nilifanya nini baada ya kukumbuka? Nilikifuta kitabu. Niliogopa simu ikienda kuchaji ataona nimefika ukurasa ule. Nilibonyeza, kikapotea, nikamwambia mke wangu naona baridi, anifunike.

Kesho yake jioni mwanamke yule alileta simu mwenyewe.

"Mwalimu, kile kitabu cha wanyama kilifutika. Niwawekee tena? Ni cha bure."

"Hapana. Nilikimaliza."

"Kilikuwa kizuri?"

"Kizuri," nilisema, nikiangalia plasta yangu.

Alibonyeza simu mara mbili tatu, akanikabidhi, akaaga, akaenda. Nilipofungua simu nilikikuta kitabu kimerudi mahali pake.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, na aliona kila kitu. Nilimweleza habari ya popo na ile meza. Hakushangaa. Wakati ule watoto wetu walikuwa shule ileile, na walirudi nyumbani siku hiyo wakipiga mabawa uani. Alikuwa akingoja niseme, miaka yote hiyo. Nikamwomba anipelekee neno kibandani, amwambie yule mama kwamba mwalimu anasikitika.

"Hapana," alisema. "Nitakupelekea simu. Hiyo ingine utaibeba mwenyewe."

Plasta ilitolewa mwishoni mwa masika. Mguu ulikuwa umekonda kama wa mtu mwingine. Safari yangu ya kwanza kwa magongo ilikuwa kwenda njia panda. Nilikuwa nimepanga kumkuta peke yake, lakini nilikuta wachimba dhahabu watano wamekaa kwenye benchi wakingoja simu zao, na mama mmoja wa vitumbua. Nilitaka kugeuka. Kisha nikafikiri kwamba mimi, siku ile ya meza, sikumngojea awe peke yake.

"Binti yangu," nikasema, "nilikuja juu ya ile habari ya popo."

Aliacha waya aliokuwa ameushika. Wachimbaji waligeuka kututazama.

"Daftari nililofundishia lilikuwa na makosa," nilisema. "Niliyemrithi alikosea, na mimi nikaendeleza bila kujua."

"Daftari haikuniambia nipande juu ya meza, Mwalimu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu. Niliegemea magongo, nikaanza upya. Nilisema alikuwa na haki, na mimi nilijua. Nilisema nilimpandisha juu ya meza ili wasinicheke mimi, na niliwaona wakimcheka langoni nikanyamaza. Sijui kama nilisema vizuri. Mchimbaji mmoja alitazama chini. Mama wa vitumbua alitikisa kichwa, akaguna.

Mwanamke yule hakulia, wala hakusema amenisamehe. Alimpa mteja simu yake kwanza. Kisha akasema:

"Mimi popo haikunisumbua. Popo nilimuona, na macho yangu ilinitosha. Kilichonishinda ni njia. Kila asubuhi ile njia."

"Nifanye nini?" nilimuuliza.

"Ile daftari ingali inafundisha?"

Lilikuwa lingali linafundisha. Walimu wenzangu wawili walilinakili, na mmoja wao alihamia Kabambare na nakala yake. Nilimwahidi nitalirekebisha. Aliitika "haya," akarudia kazi yake.

Kwa wenzangu niliandika barua. Wa Kasongo alicheka, akasahihisha. Wa Kabambare alinijibu kwamba mtu akilala sana anasoma upuuzi. Niliporudi darasani nilifungua somo la ndege, nikawaambia watoto kwamba popo si ndege, na nikapitisha ile simu mkono kwa mkono waone picha. Mmoja aliuliza kwa nini kaka yake, niliyemfundisha, anasema popo ni ndege.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisema mbele ya wachimbaji watano na mama wa vitumbua. Lakini darasa lilikuwa linaniangalia, macho yote yale, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Sayansi inaendelea, watoto wangu. Zamani hatukujua."

Waliandika. Nikawasikia wakiandika.

Sasa watoto wangu wanasoma vitabu kutoka kwenye maktaba ile. Kila mwanzo wa mwezi mwanamke wa njia panda anaijaza simu, mimi namsomea kila mmoja ukurasa wake, na wengine wamewafundisha baba zao kuitafuta. Watu wananishukuru. Mkaguzi alinisifu mbele ya wazazi kwa kuleta maendeleo, na sikusema nimeonyeshwa na nani, maana ningeulizwa huyo alisoma wapi, akaishia darasa gani, na kwa nini.

Mwaka huu binti wa kwanza wa mwanamke yule amefikia umri wa kuanza shule. Nyumba yao iko karibu na shule yetu, ukitupa jiwe linafika. Nilimwekea nafasi katika orodha ya mwaka wa kwanza bila kuombwa. Siku ya kufungua, nikiwa langoni, niliwaona wanakuja, mama na mtoto, mtoto amevaa shati jeupe jipya na mfuko mgongoni. Nikasogea kando wapite.

"Mwalimu, jambo," alinisalimia, na mtoto naye akasalimia kwa adabu.

"Jambo, mama."

Hawakuingia. Waliendelea na barabara, wakapita kanisa, wakaelekea ile shule ya upande wa pili wa mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu midogo kama ile. Sikuhitaji kumuuliza kwa nini.