Tembo Hakai Mahali pa Anti Dativa

Mzee Hasmukh ni Mhindi wa Mwanza. Kigujarati anakitumia kutukana tu. Bombei kafika mara moja, akaharisha, akarudi. Sasa anakaa Tumba, nje kidogo ya Stockholm, ngazi moja na mimi, anaendesha basi, na akitoka kazini anachora watu. Watu tu, hana habari na maua wala machweo. Mtu kakaa, mtu kachoka, mtu anasubiri treni na mfuko wake wa viazi. Mikono mikubwa, miguu mizito, nyuma rangi moja, basi.

Miaka yote hiyo hakuna aliyempa hata msumari wa kutundikia. Mwaka huu maktaba fulani ikampa ukuta mzima. Msimamizi wa maonyesho, Rebecka, akaja kwake kuangalia kazi. Akazunguka picha zote, akauliza kwa sauti ya kubembelezea mtoto: "Na India yako iko wapi?"

"Iko India," mzee akamjibu.

Mimi niliyekuwapo nikacheka. Rebecka hakucheka. Akasema wageni wangependa tembo. Ningekuwa mimi, angetoka na viatu vyake mkononi! Mzee, kwa kuogopa kunyang'anywa ukuta, akachora tembo. Tembo mwenyewe kanuna kama ana gesi.

Ila katikati ya ukuta aling'ang'ania picha moja: Anti Dativa, Mtanzania mwenzetu wa Bukoba, kalala kwenye treni, suruali ya kazi ya usafi, mdomo wazi. Anti alijua yumo. Yumo vipi, hakuambiwa.

Sasa sisi Watanzania, ukituambia picha yako inazinduliwa, unatujua. Anti akaunda kamati. Wakashona sare za kitenge cha dhahabu, vilemba kama madishi. Wakaja na pilau, na MC Goodluck na spika yake. Waswidi wamesimama wananong'ona, Goodluck anapasua: "Mwenye picha anaingia, vigelegele!"

Vigelegele vikafia mlangoni.

"Hasmukh! Ndo mimi huyu? Mdomo wazi kama sangara wa mnadani?"

"Ulikuwa umechoka, dada."

"Kuchoka ni siri ya mtu! Bukoba wanajua nafanya kazi ofisini!"

"Si kweli? Ofisi unazipiga deki."

"Nyamaza, dereva wewe! Itoke!"

Kamati nzima ikaitikia: itoke! Rebecka alivyoelewa, akaishika picha haraka haraka kuishusha, huku anaagiza tembo aletwe.

"Huyo tembo anakwenda wapi?" Anti akaniuliza.

"Anakaa mahali pako, Anti."

"Pangu mimi? Mnyama?" Akamdaka Rebecka mkono. "Rudisha! Nimelala, sijafa."

"Dativa, si umesema itoke?" mwenyekiti wa kamati akashangaa.

"Nimesema mimi. Tembo kasema nini?"

Picha ikarudi. Anti akavuta kiti, akakaa chini yake na dhahabu yake yote, mikono kifuani, mpaka wanafunga. Tembo akapelekwa korido ya chooni. Mswidi akitaka kuitazama picha, amsalimie kwanza mwenyewe. Na Goodluck alipotoa simu apige picha, akachapwa kofi la mkononi.

"Stockholm waone," Anti akasema. "Bukoba hapana."